Mwaka Nilipokuwa Mkalimani wa Dokta Mwambene

Mwaliko ulinifikia kwenye simu nikiwa jikoni nachambua maharage. Dokta Mwambene amestaafu, ulisema, amehamia shambani kwake Nemba, wilayani Biharamulo, na angefurahi kama sisi tuliofanya naye kazi zamani katika ndaki ya tiba ya mifugo tungefika tule naye chakula cha mchana. Chini yake yeye mwenyewe alikuwa ameongeza maneno ya kwake: "Binti, usikose. Wewe ndiye mkalimani wangu wa Ngara." Nilicheka peke yangu mpaka nikalazimika kukaa. Mimi sasa ni mtu mzima mwenye miwani na magoti yanayolalamika, nina wanafunzi ambao nao wana wanafunzi, na kwa huyu baba bado ni binti na bado ni mkalimani. Nikamjibu kwamba nitakuja na kwamba sitakuja mikono mitupu. Kisha nikampigia simu mfugaji mmoja ninayemwamini nikamwambia anitafutie mtamba mzuri, jike ambaye bado hajazaa, mwenye afya, asiye na hata kupe mmoja. Mambo ya nilizaliwa na nani na nilisoma wapi nayaacha, kwa sababu hayana uzito hapa. Mwaka ninaotaka kuueleza ni mmoja tu, na sijawahi kuusamehe.

Mwaka huo nilikuwa mhadhiri msaidizi wa mkataba, yaani mtu anayefundisha kama wenzake lakini hana uhakika kama mwakani atakuwa na meza. Ndaki ilikuwa imetangaza fedha za ndani za kuanzishia utafiti, tulizoziita fedha za mbegu. Hazikuwa nyingi, lakini kwa sisi wa chini zilikuwa mlango. Ukizipata, jina lako linasomwa mbele ya baraza la ndaki, unapewa ajira ya kudumu na unapangiwa safari ya masomo ya uzamivu. Usipozipata unabaki kusahihisha mitihani ya watu wengine. Sharti lilikuwa uwe na mshauri mwandamizi atakayelipitia andiko lako kabla hujaliwasilisha, na mimi nikapangiwa Dokta Mwambene. Alikuwa mtu wa maneno laini, mwenye kucheka kwa urahisi na kukumbuka jina la mtoto wa kila karani. Nilijiona nimebahatika.

Wazo lenyewe sikulipata maktaba. Nililipata likizo, nyumbani kwa Shangazi Yosefa, chini kidogo ya mlima ambao mji wa Ngara umekaa juu yake. Ndama walikuwa wanakufa kwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, na kilichowashangaza watu ni kwamba walikuwa wanakufa hata kwa wale waliokuwa wanaogesha ng'ombe wao kwenye josho bila kukosa. Wataalamu walisema ugonjwa unatoka mnadani, kwamba watu wananunua ng'ombe wenye kupe. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kile chumba cha jikoni cha shangazi, moshi unanitoa machozi, ndizi zinachemka na maharage, na wanawake majirani wamekuja kusaidia kumenya. Walikuwa wanazungumza kama wanavyozungumza siku zote, na mimi nilikuwa nasikiliza nusunusu. "Yule wa Yosefa aliyeko kwa Sebastiani kule Nemba amezaa," mmoja akasema. "Na wa Sebastiani aliyekuja huku?" "Huyo ndiye aliyefika akiwa mzima, wiki zile zile ndama wa hapa wakaanza kuvimba tezi." Nikaacha kumenya. Kwetu, rafiki wa kweli unampa ng'ombe jike. Humkopeshi wala humuuzii, unampa kwa heshima, na akizaa mtamba wa kwanza anarudi kwako, na urafiki unakwenda hivyo mpaka kwa watoto. Ng'ombe hao wanavuka kutoka vilima vya Ngara mpaka mbuga za Biharamulo, Nyarubungo na Nemba, na kurudi, na hakuna kibali wala mnada unaowaona. Ng'ombe aliyepona ndigana zamani anaweza kuonekana mzima na bado akabeba vimelea, na kupe wanavichukua kutoka kwake. Ugonjwa ulikuwa unapita njia ya urafiki. Nililiona lote pale pale nikiwa na kisu mkononi.

Niliandika andiko lile kwenye meza ya shangazi, ile yenye kitambaa cha kufuma, katikati ya picha ya Bikira Maria na redio isiyokamata. Shangazi alikuwa ananiwekea uji pembeni na kuuliza, "Bado hakijaisha hicho?" Nikimwambia bado, anaguna na kuondoka. Nilieleza ni ng'ombe gani wanaofuatiliwa, damu ichukuliweje, kupe wahesabiweje. Jambo moja sikuliandika, nalo ni namna ya kuwauliza watu. Haikunijia kabisa kwamba linahitaji kuandikwa. Ingekuwa kama kuandika kwamba ukifika kwa mtu unabisha hodi. Kila mtoto wa Ngara anajua kwamba humuulizi mtu ana ng'ombe wangapi, na humuulizi ni nani aliyempa. Unakaa, unakunywa ulichopewa, unauliza jina la ng'ombe. Ng'ombe wa kupewa anaitwa kwa jina la aliyemtoa, na mwenyeji akishalitaja jina hilo atakueleza habari yote mwenyewe, mpaka utamani anyamaze.

Dokta Mwambene alikuja Ngara kuona eneo, akafikia nyumba ya wageni karibu na stendi ya mabasi, na siku iliyofuata akapanda bodaboda mpaka kwa shangazi. Tulimchinjia kuku. Alikaa kwenye kiti kizuri, akala vizuri, akamsifu shangazi kwa mchuzi, kisha akalisoma andiko langu huku akijichokonoa meno. Alisoma taratibu, anarudi nyuma, anasoma tena. Nilikuwa nimesimama mlangoni kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. "Binti," akasema mwishowe, "wazo linapendeza. Lakini halijaiva. Ukiliwasilisha mwaka huu watalitupa, na likishatupwa limetupwa. Niachie nilipitie, mwakani tutaliwasilisha likiwa na nguvu." Nikamshukuru. Nilimshukuru kweli, kwa mikono miwili, na shangazi akamfungia mkungu wa ndizi wa kwenda nao. Kila nikikumbuka ule mkungu damu inanichemka upya, kuliko hata ninapokumbuka andiko.

Sikuwasilisha. Majina yalipotoka, langu halikuwepo kwa sababu sikuomba, na sikujali kuuliza nani amepata. Kisha Dokta Mwambene akanipigia simu, sauti imejaa asali, akasema anakuja Ngara kwa kazi ndogo ya utafiti na angehitaji mwenyeji wa kumsaidia lugha, kwa kuwa wazee wa huko Kiswahili wanakijua lakini habari za ng'ombe wanazizungumza kwa lugha ya nyumbani. Nikakubali, mkubwa akikuita unaitika. Nikamfuata pale pale nyumba ya wageni. Chumba chao cha kulia kilikuwa na dirisha linaloangalia uani, na mimi nilipitia uani kwa sababu mlango wa mbele ulikuwa unafagiliwa. Nikamsikia kabla sijamwona. Alikuwa anazungumza na Dokta Salum, daktari wa mifugo wa wilaya, mtu mpole wa kuvaa kofia iliyoshonwa kwa mkono, na alikuwa anamsomea. "Ugonjwa huu haufuati soko, unafuata urafiki," alisoma. Ilikuwa sentensi yangu. Niliiandika nikiwa na uji pembeni, nikaifuta, nikaiandika tena. Dokta Salum akasema hilo ni wazo zito, amelipata wapi? "Ah, nimelilea muda mrefu," akasema Mwambene. "Na binti anayekuja?" "Yule ni mwenyeji tu. Atanifanyia ukalimani. Hana makuu."

Sikulia. Watu nikiwasimulia hapa wanasubiri niseme nililia. Nilisimama pale uani karibu na ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. Ningeweza kuingia nikapiga kelele, na nani angeniamini? Andiko sasa lilikuwa na jina lake, na fedha za mbegu alikuwa amepewa yeye, kwa muhuri wa kamati na saini ya mkuu wa idara, na mimi nilikuwa na mkataba unaoisha. Nikabisha hodi. "Shikamoo, Dokta," nikasema, na tena kwa Dokta Salum, "Shikamoo." Wakaitikia marahaba wote wawili. Mwambene akanivutia kiti, akaniagizia kuku na ugali, akaniuliza habari za shangazi. Nilikula nyama yote, nikatafuna na gegedu. Nilipokuwa nanawa mikono nilikuwa nimeshaamua kwamba nitakuwa mkalimani bora kuliko wote aliowahi kuwapata, kwamba nitatafsiri kila neno lake kama lilivyo, na kwamba sitaongeza hata moja.

Tulianza Ngara, tukashuka mpaka Biharamulo. Gari lilikuwa la ndaki, jeupe, lenye nembo kubwa mlangoni, na Dokta Mwambene alikuwa anaingia nalo mpaka uani kwa mtu. Anashuka na kalamu imeshafunguliwa. Hakai. Akiletewa kiti anaweka mkoba. Akiletewa rubisi, pombe yetu ya ndizi, anasema asante, tuko kazini. "Muulize ana ng'ombe wangapi," ananiambia. Nauliza. "Muulize walioingia zizini mwaka huu aliwapata wapi, na nani alimpa." Nauliza hivyo hivyo, kwa Kihangaza safi, kwa sauti ya upole. Naona nyuso zinafungwa moja baada ya nyingine. Kwetu mtu akija na gari lenye nembo na kalamu mkononi, ng'ombe wote huwa wachache na wote huwa wamenunuliwa. Babu zetu walijifunza hivyo mbele ya watoza kodi, na hawakufundishwa kwa upole. "Nilinunua," kila mmoja akasema. "Wapi?" "Mnadani." Mwambene anaandika, anatikisa kichwa kwa kuridhika, tunaondoka. Jioni ananiambia, "Unaona binti, watu wanasema ukweli ukiwauliza moja kwa moja." Nikamwambia naona, Dokta.

Nemba tulifika kwa Mzee Sebastiani, yule yule niliyemsikia jikoni. Alikuwa Mhangaza aliyehamia huko akiwa kijana, mrefu, mkavu, mwenye tabia ya kuangalia pembeni akikaribia kucheka. Nyuma yake zizini alikuwa amesimama ng'ombe mwekundu mwenye paji jeupe. Nilimfahamu yule ng'ombe. Nilikuwa nimemkamua mwenyewe kwa shangazi kabla hajatolewa, na wilaya mbili nzima zilijua anaitwa Yosefa. "Muulize huyu mwekundu kamtoa wapi," akasema Dokta Mwambene. Nikamuuliza. Mzee Sebastiani akaniangalia. Alijua mimi ni nani, alijua kwamba najua, na alitaka kuona nitafanya nini. "Nilimnunua mnadani," akasema polepole, na macho yake hayakuniacha. "Anasema alimnunua mnadani," nikamwambia Mwambene. Mzee akageuza uso pembeni. Tulipokuwa tunaondoka alinishika mkono akasema kwa lugha yetu, "Mwanangu, huyu mtu wako mbona hakunywa?" Nikamjibu kwamba si mtu wangu.

Msinifikirie vibaya kuhusu ndama. Usiku ule wa kwanza baada ya chumba cha kulia nilimweleza Shangazi Yosefa kila kitu, na shangazi akaweka sufuria chini na kusema maneno ambayo Padri asingeyapenda. Kisha akafanya kazi ambayo fedha za mbegu zilitakiwa kuifanya. Alipeleka habari kwa njia ile ile wanayopita ng'ombe, kwa wake wa marafiki na marafiki wa marafiki, kwamba ng'ombe wa kupewa akifika asiingizwe zizini, afungwe peke yake, apuliziwe dawa ya kupe mpaka asafike, ndipo achanganywe. Ndama wakaanza kubaki hai. Dokta Mwambene alikuwa anapita katikati ya vijiji hivyo hivyo na dodoso lake, na hakuna aliyemwambia.

Mwisho wa kazi akaitisha kikao Ngara, kwenye ukumbi wa halmashauri, kuwasilisha matokeo. Wajumbe wa kamati ya utafiti walikuja kutoka ndaki, akiwemo mwenyekiti wao, na kulikuwa na soda na sambusa mezani. Mwambene alivaa suti. Alieleza kwa madaha kwamba alianza na dhana ya kwamba ugonjwa unapita kwenye ng'ombe wa urafiki, lakini mtafiti mkweli hufuata ushahidi, na ushahidi umeonyesha kwamba desturi hiyo imekufa kabisa. Ng'ombe wote walioingia kwenye mazizi mwaka huo, bila kumwacha hata mmoja, walinunuliwa mnadani. Alipendekeza minada ikaguliwe vikali. Watu wa ukumbini walikuwa wametulia kwa namna ambayo mgeni angeidhania ni heshima. Dokta Salum akanyoosha mkono. Alivua kofia kwanza. "Mnada upi, Dokta?" akauliza. Mwambene akasema minada ya wilaya zote mbili. "Minada ya wilaya zote mbili ilifungwa kwa karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo," akasema Dokta Salum. "Mwaka mzima. Huku niliifunga mimi, na mwenzangu wa Biharamulo akafunga ya kwake. Tangazo liko kwenye kila ofisi ya kata. Ulikuwa unaegesha gari lako chini yake."

Kulikuwa na kicheko cha kwanza kutoka nyuma, cha mtu mmoja aliyeshindwa kujizuia, halafu ukumbi mzima. Mwenyekiti wa kamati hakucheka. Alimuuliza Mwambene kama aliwahi kuzungumza na mtu yeyote katika hiyo miezi yote. Mwambene akageuka kunitafuta. "Binti, hukuniambia!" akasema mbele ya watu. Nikasimama. Nilikuwa nimelingoja swali hilo kwa hamu ya mtu mwenye kiu. "Dokta," nikasema, "mimi nilikuwa mkalimani tu. Sina makuu." Nikamwona anayatambua yale maneno, nikaona shingo yake inabadilika rangi juu ya kola, na roho yangu ikasuuzika kabisa. Nikakaa nikachukua sambusa. Ajira yangu ilibaki kuwa ya mkataba, na safari ya masomo ya mwaka ule ilikwenda kwa mtu mwingine, kwa hiyo sisemi nilishinda. Mwaka uliofuata niliwasilisha andiko langu kwa jina langu na mshauri mwingine, nikauliza majina ya ng'ombe, na mengine yote ya maisha yangu yakatokana na hapo. Yeye walimsamehe upesi, kama wanavyosamehewa watu wa maneno laini, na akapanda vyeo mpaka alipotosheka.

Basi nilikwenda Nemba. Mtamba alitangulia kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mwekundu mwenye paji jeupe, maana nilisisitiza awe hivyo. Shamba la Mwambene ni zuri, nyumba ya bati jipya, mahema mawili yamefungwa uani, wali, ndizi, mbuzi wa kuchoma. Amezeeka, lakini kicheko ni kile kile. "Mkalimani wangu!" akaita, akanikumbatia. Jirani yake wa mpakani ni Mzee Sebastiani, mzee sana sasa, ana fimbo, na nilipomwamkia alishikilia mkono wangu muda mrefu. Baada ya chakula Mwambene akasimama kuzungumza. Akaeleza maisha yake ya kazi, na alipofika katikati akasema hivi, nami nilimsikia kwa masikio yangu: "Ule utafiti wa ng'ombe wa urafiki, unaosomwa leo mpaka nje ya nchi, mbegu yake niliipanda mimi, hapa hapa." Wageni wa ndaki wakapiga makofi. Nilikuwa nimekuja na shaka kidogo moyoni, kwamba pengine huyu ni mzee tu anayetaka kampani, niache. Shaka hiyo ikaisha hapo hapo.

Nikaomba nafasi ya kutoa zawadi. Yule mtamba akaletwa katikati ya mahema, na watu wakashangilia. Nikaiweka kamba mkononi mwa Dokta Mwambene mbele ya wote nikasema, "Nakupa, Dokta, kwa mambo yote uliyonifanyia." Akaipokea kwa mikono miwili, machozi yanamlengalenga, akanishukuru, akamshukuru Mungu. Wenyeji wa Nemba wakaanza kuangaliana, kwa sababu wao walielewa kilichotokea. Dokta Mwambene aliliiba andiko langu lakini hakuwahi kulisoma vizuri, na niliyoyaandika baadaye hakuyasoma kabisa. Hakujua kwamba ukipokea kamba umekuwa mtu wa aliyekupa, kwamba mtamba wa kwanza ni wangu, kwamba ng'ombe yule na uzao wake wote wataitwa kwa jina langu ndani ya zizi lake, na kwamba kila mgeni atakayefika ana haki ya kuuliza jina la ng'ombe na yeye ana wajibu wa kulitaja.

Mzee Sebastiani akainuka kwa fimbo yake. Desturi inataka siku ya kupokea kamba, na siku hiyo tu, mzee aulize wazi ni nani aliyetoa, na sikumwomba, alijua mwenyewe.

"Dokita," akasema, "huyu mwekundu ni wa nani?"

"Wangu!" akasema Mwambene kwa furaha. "Wangu, Mzee!"

Watu wakacheka. Mzee akatikisa kichwa. "Hapana, Dokita. Hatujibu hivyo. Nani alikupa?"

Hapo kicheko cha Mwambene kikasimama nusu njia. Sijui alikumbuka nini, kama ni uani kwa watu na kalamu imefunguliwa, au ukumbi wa Ngara. Aliniangalia, akaiangalia kamba. "Huyu binti," akasema.

"Huyu binti ana jina," akasema Mzee Sebastiani.

"Leokadia."

"Leokadia nani?"

"Dokta Leokadia Gabrieli," akasema, kwa sauti ndogo, na ninavyokumbuka ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina langu lote likitoka kinywani mwake.

"Sauti, Dokita. Wa nyuma hawajasikia."

Akalirudia, kwa nguvu, kamba mkononi. Mimi nikamnyooshea sahani mama aliyekuwa anagawa nyama, nikaomba aniongeze.